Jinsi ya kuwaonesha watu wa mtaani kwako pale Wahindi walipotua mwezini (kwa tulioko Mbeya, Iringa, Njombe na huku kwetu kote)

Wadau habari za saa hizi. Wa Rungwe na Kyela ugonile, wa Iringa kamwene, wa Songwe na Njombe nawasalimu pia. Hii ni ndefu, vumilieni, maana kila nikielezea kwa mdomo nasahau kitu na tayari watu watatu wameniomba niwaandikie.

Nina kibanda umiza hapa Soweto, Mbeya mjini, tunaonesha mpira. Tarehe 23 Agosti 2023, ilikuwa Jumatano, dogo mmoja wa sekondari akaja mchana ananiambia bro leo India wanatua mwezini, tuwekee. Nikamwekea. Kufika saa tisa kibanda kimejaa, bodaboda wameegesha nje, akina mama wa mboga wamo, watoto wametoka shule na yunifomu zao, na mzee wetu mmoja, mwalimu mstaafu, tukampisha kiti cha mbele kabisa. Dakika kama kumi kabla chombo hakijatua umeme ukakata. Tukabanana kwenye simu moja, watu vichwa juu ya vichwa, na ilipofika saa tisa na dakika thelathini na kitu wale watu wa chumba cha kuongozea chombo kule Bengaluru, India, wakasimama wakaanza kupiga makofi na kukumbatiana, na sisi tukapiga kelele kama goli la dakika ya tisini.

Jioni nimefunga, natembea kwenda nyumbani, naangalia juu nauona mwezi nusu umetulia pale. Hapo ndo nikapiga hesabu. Mwezi wa nusu unachomoza mchana, saa tano saa sita hivi. Maana yake muda ule tumebanana kwenye kioo cha simu, mwezi wenyewe ulikuwa juu yetu upande wa mashariki, mchana kweupe, tungetoka tu mlangoni tungeuona kwa macho yetu. Hakuna hata mmoja aliyetoka. Iliniuma sana, kwa sababu wale watoto walienda nyumbani wameona mwezi wa kuchorwa na kompyuta wakati wa kweli ulikuwa juu ya bati.

Toka siku ile, anga ikiruhusu, kila mwezi natoa watu nje. Hivi ndo navyofanya na wewe unaweza kufanya huko uliko, haina gharama ya kukushinda.

KWANZA CHAGUA SIKU

Watu wengi wanafikiri mwezi mpevu ndo mzuri wa kuangalia. Hapana. Mwezi mpevu jua linaupiga usoni moja kwa moja, vivuli vyote vinapotea, unabaki kama sahani nyeupe. Mwezi nusu jua linaupiga ubavuni, kwa hiyo kila shimo na kila mlima unatoa kivuli, ni kama asubuhi ukiwa juu Loleza jua ndo linatoka, unaona mpaka mikunjo ya mabonde ambayo saa sita mchana huioni kabisa.

Kujua lini ni nusu hauhitaji intaneti. Muulize jirani yako Muislamu leo tarehe ngapi kwao, kalenda yao inafuata mwezi mwandamo, kwa hiyo tarehe 7 au 8 ndo nusu. Mimi namuuliza muuza kahawa wa pale stendi, hajawahi kunikosesha.

Na kuna sababu ingine ya kuchagua nusu ambayo mimi ndo inanifurahisha zaidi. Chombo cha India, kinaitwa Chandrayaan-3, kilitua siku moja tu kabla ya mwezi kufika nusu, na haikuwa bahati. Mchana wa mwezini unachukua karibu siku 14 za kwetu na usiku wake hivyo hivyo. Pale walipotaka kutua jua lilikuwa limetoka kuchomoza muda si mrefu, yaani walitua asubuhi ya mwezini ili wapate mchana mzima wa kufanya kazi, maana chombo kinatumia sola na usiku ukiingia baridi yake ni ya kuua betri. Kwa hiyo ukiwatoa watu nje tarehe 7 wanaona mwezi ulivyokuwa siku ile ile, kivuli kimekaa karibu pale pale.

Kuhusu hali ya hewa mnajua wenyewe. Juni mpaka Oktoba anga yetu ni safi sana, ila baridi, vaeni masweta na wazee waleteni na blanketi, chai ya tangawizi iwepo. Mwezi wa tisa na wa kumi moshi wa kuchoma mashamba unaufanya mwezi uwe mwekundu ukiwa chini, subiri mpaka upande juu. Novemba mpaka Aprili msipange tarehe moja, pangeni tatu, na mkiona mvua imenyesha mchana na jioni anga imefunguka tokeni haraka, hewa iliyooshwa na mvua ndo inaonesha vizuri kuliko zote. Wa Tukuyu nawaonea huruma na ule ukungu, ila nanyi mnazo siku zenu.

VIFAA

Macho tu yanatosha kuanza. Kama unaweza kupata darubini ya macho mawili, ile wanayotumia watalii mbugani, basi umemaliza. Imeandikwa pembeni 7x50 au 10x50, namba ya kwanza ni inakuza mara ngapi, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Usidanganywe na zile zimeandikwa mara mia na zaidi, zinatetemeka na picha ni giza. Wa Iringa mna bahati, waongoza watalii wa Ruaha wanazo, muombe mmoja akuazime usiku mmoja na umrudishie salama.

Shida kubwa ya darubini ni mkono kutetemeka. Kata panda ya mti, ichomeke ardhini urefu wa shingo yako, egemeza darubini pale katikati ya panda. Watoto wawekee nyingine fupi. Nimejaribu na kiti na ukuta na bega la mtu, panda imeshinda zote.

Ukitaka picha, weka kamera ya simu kwenye kioo cha kuangalizia, gusa mwezi kwenye skrini, afu shusha mwanga mpaka uache kuwaka kama taa. Mashimo yatatokea.

Jambo moja la kusimamia kwa ukali: jua. Mwezi nusu unaonekana toka mchana na watoto watataka kuuangalia na darubini saa kumi jioni. Darubini ikipita kwenye jua hata nusu sekunde jicho linaungua na halirudi. Mimi sitoi darubini mpaka jua limezama kabisa nyuma ya mlima, hata walie.

KUPAONESHA PENYEWE

Hapa ndo watu wengi wanapotea kwa sababu picha za kwenye mitandao zimepigwa na watu wa kaskazini, wanakuambia angalia chini ya mwezi. Sisi tupo karibu na ikweta, mwezi kwetu umelala. Ndo maana mwezi mwandamo huku unakaa kama mtumbwi.

Fanya hivi. Siku ya nusu, jioni mwezi unakuwa karibu utosini, shingo zitauma, kwa hiyo subirini saa tatu saa nne usiku ushuke upande wa magharibi. Simama uangalie magharibi. Nusu inayong'aa ipo chini, nusu ya giza ipo juu. Kusini ya mwezi ipo mkono wako wa kushoto, kaskazini kulia. Hilo likishawaingia watu akilini kazi imekwisha. Kulia na katikati utaona madoa meusi laini, yale wanaita bahari ila hayana maji, ni mawe ya volkano yaliyoganda zamani sana, ndugu wa mawe yetu ya Rungwe. Kwenye moja ya hayo madoa ndo Wamarekani walitua Julai 1969. Kushoto hakuna bahari, kumejaa mashimo tu, kumekwaruzika kama barabara ya vumbi baada ya masika.

Sasa weka jicho katikati ya mwezi, kwenye mstari wa mwanga na giza, utembee kwenda kushoto kufuata ule mstari. Gawanya njia mpaka ukingoni mafungu kumi. Ukifika la tisa, karibu la kumi, shuka kidogo sana kwenye upande wenye mwanga. Hapo. Hapo ndo Vikram amekaa mpaka leo, nyuzi 69 kusini, na kigari chake Pragyan karibu naye. Vikram ni jina la ile sehemu ya Chandrayaan-3 iliyotua, wamempa heshima Vikram Sarabhai mzee aliyeanzisha haya mambo kwao, na Pragyan maana yake hekima. Pale mahali wamepaita Shiv Shakti.

Waambie watu mapema kwamba chombo chenyewe hakitaonekana. Vikram na kigari chake kwa pamoja ni kilo 1,700 na kitu, kama gari dogo, na kutoka hapa mpaka pale ni kilomita 384,000 kwa wastani. Hakuna darubini ya duniani inayokiona. Mnaona mahali. Nimegundua watu wakiambiwa ukweli huu mwanzoni wanatulia na wanafurahi, wakiachwa wategemee kuona chombo wanaondoka wamenuna.

Kama umekosa siku ya nusu na mwezi ni mpevu, angalia mashariki unapochomoza jioni. Sasa kusini ya mwezi ni mkono wa kulia. Utaona nukta inayong'aa na mistari myeupe imetawanyika toka kwake kama tope lililorukwa na tairi, hilo shimo linaitwa Tycho, upana wake kilomita 85. Toka Tycho endelea kulia mpaka karibu na ukingo, panda juu kidogo.

MPIRA NA NYANYA

Kabla ya giza nawapa watoto hii. Chukua mpira wa miguu, hiyo ni dunia. Chukua nyanya ya duara, upana sentimita 6 hivi, huo ni mwezi. Waulize nyanya ikae umbali gani. Wote wataiweka karibu, nusu mita. Afu unahesabu hatua saba kubwa, mita sita na nusu, unaiweka pale, na kelele zinaanza.

Hapo ndo uwaelezee safari. Roketi ya India haina nguvu ya kukurusha moja kwa moja mpaka mwezini kama ile ya Wamarekani ya zamani iliyofika kwa siku nne. Iliondoka Sriharikota, kituo chao cha kurushia roketi, tarehe 14 Julai 2023 ikakiweka chombo kwenye duara refu kuizunguka dunia, ncha ya mbali kama kilomita 36,000, kwenye mpira wetu ni sentimita sitini na kitu tu. Afu kila kikirudi karibu na dunia wanawasha injini kidogo, duara linarefuka, kinarudi, wanawasha tena. Mweke mtoto kwenye bembea umsukume, ataelewa papo hapo, msukumo mdogo kwa wakati wake unampeleka juu kuliko kumsukuma kwa nguvu mara moja. Mwanzoni mwa Agosti wakalirefusha mpaka likaufikia mwezi. Siku 40 jumla. Waliokoa mafuta, wakaokoa hela, wakalipa kwa subira.

Kutua nako nakuelezea kwa mfano wa mteremko wa Kitonga. Kila mtu aliyewahi kushuka Kitonga na basi la usiku anajua maana ya breki. Chombo kinaanza kushuka kikiwa kilomita 30 juu, mwendo kilomita 1.68 kwa sekunde, mwendo huo Iringa mpaka Mbeya unatumia dakika tatu na kidogo. Mwezini hakuna hewa, kwa hiyo parachuti ni kitambaa tu, haishiki chochote. Breki pekee ni injini zinazopuliza moto kule unakoenda, na lazima zipunguze mwendo wote huo mpaka ufike chini unatembea taratibu kuliko mtu, ndani ya dakika kama 19. Na hakuna dereva. Mawasiliano yanachukua zaidi ya sekunde moja kufika dunia na zaidi ya sekunde kurudi, mpaka wewe uone tatizo na ubonyeze kitufe gari lipo korongoni. Chombo kinajiamulia chenyewe kila kitu.

Na waambie kuhusu 2019, usiruke hapo hata kama muda umeisha. Chandrayaan-2 ilishindwa kutua. Septemba 2019 Vikram wa kwanza alienda vizuri mpaka kilomita 2.1 tu toka chini, afu akapotea. Nchi nzima ilikuwa inaangalia, waziri mkuu Modi alikuwepo pale pale, na mkuu wa shirika lao la anga ISRO wakati huo, K. Sivan, alilia mbele ya kamera Modi akamkumbatia. Walichofanya baada ya pale ndo mimi nakipenda. Walikaa wakauliza ni nini kinaweza kuharibika, wakakiandalia kila kimoja. Mara ya kwanza injini zilisukuma kuliko ilivyotegemewa na chombo kikashindwa kujirekebisha haraka, kwa hiyo wakatengeneza programu upya iruhusu makosa makubwa zaidi. Sehemu ya kutua mwanzo ilikuwa mita 500 kwa 500, wakaipanua ikawa kilomita 4 kwa 2.4. Miguu wakaiimarisha, mafuta wakaongeza. Miaka minne. Na siku nne kabla wao hawajatua, Warusi walijaribu na chombo chao Luna-25 na kikajipiga chini, kwa hiyo msione ni jambo rahisi.

Mabaki ya yule Vikram wa kwanza, mtu aliyeanza kuyaona ni injinia wa kawaida wa Chennai, yupo kwake na kompyuta, anapitia picha za mwezi ambazo NASA wanaziweka wazi kwa kila mtu. Akawaandikia, wakahakiki, wakakubali Desemba 2019. Zile picha ziko wazi mpaka leo, mtoto wa Uyole mwenye bando anazifungua vile vile.

WATU WATAKUBISHIA, JIANDAE

Usiku wowote wa namna hii mabishano yapo na mimi nayataka, bila hayo watu wanaangalia dakika mbili wanaondoka. Ila jua cha kujibu.

La kwanza kabisa: India wana maskini kibao, mbona wanachezea hela mwezini? Usimcheke anayeuliza. Ni swali la haki na Wahindi wenyewe wanaulizana. Mimi nampa hesabu. Chandrayaan-3 iligharimu rupia bilioni 6 na kitu, kama dola milioni 75, kwa bei ya dola ya wakati ule ni shilingi bilioni 180 na ushee. Filamu nyingi kubwa za Hollywood zinatumia zaidi. Gawa kwa Wahindi bilioni 1.4, kila mmoja kachangia shilingi 130 hivi, hainunui andazi na chai. Afu namwambia walivyoanza. Tarehe 21 Novemba 1963 walirusha roketi yao ya kwanza pale Thumba, kijiji cha wavuvi, na roketi yenyewe walipewa na Wamarekani. Karakana ilikuwa kanisa, vipande vya roketi vilibebwa kwenye baiskeli. Mwaka 1981 satelaiti yao waliipandisha kwenye mkokoteni wa ng'ombe kwenda kuipima. Na yule mzee Sarabhai kitu alichokuwa anakitaka ni televisheni vijijini, hali ya hewa, mawasiliano; mwaka 1975 na 1976 waliwafikishia vipindi vya kilimo na afya wanavijiji wa vijiji kama 2,400 kwa satelaiti ya kuazima. Mwezi ulikuja baadae, 2008, na chombo cha kwanza kikasaidia kugundua dalili za maji kule juu.

Mzee wetu mwalimu akisikia habari ya baiskeli huwa anasema, "Wanangu, hata viazi vya Umalila vilianza kushuka kwa baiskeli." Afu ananyamaza anaangalia juu.

La pili: ni uongo, zile ni katuni. Hapa kubali nusu. Tulichokiona kwenye skrini siku ile kingi kilikuwa ni mchoro wa kompyuta kweli, pamoja na namba za mwendo na kimo zinazotoka kwenye chombo. Picha halisi zilikuja baadae. Siku nne baada ya kutua, chombo cha Wamarekani kinachouzunguka mwezi kilikipiga picha Vikram amesimama pale, na Marekani hana sababu ya kumsaidia mtu kudanganya. Ukikubali lile la katuni mbishi anashuka kidogo, ukikataa kila kitu mnafika usiku wa manane.

La tatu watu wanalitangaza kwa furaha na inabidi uwarekebishe kwa upole: "wametua ncha ya kusini." Bado. Nyuzi 69 ni zaidi ya kilomita 600 toka ncha yenyewe, karibu sawa na urefu wa barabara ya Mbeya mpaka Morogoro. Ila kabla yao hakuna aliyewahi kutua salama karibu hivyo na kusini ya mwezi, na kutua kwenyewe walikuwa nchi ya nne baada ya Wasovieti, Wamarekani na Wachina. Kusini kunagombewa kwa sababu kuna mashimo ambayo jua haliingii kabisa na barafu inaweza kuwa imekaa humo.

Ukitaka waone faida ya kwenda, wape hii: Vikram aliingiza kipimajoto ardhini. Juu udongo ulikuwa kama nyuzi 70, ukishuka sentimita 8 tu, urefu wa kidole, ni nyuzi 10 chini ya sifuri. Kila nikiisema hiyo kuna mtoto anaangalia kidole chake. Kigari nacho kilitembea kama mita 100 na kikakuta salfa kwenye udongo. Mwanzoni mwa Septemba wakavizima, usiku ukaingia, jua liliporudi tarehe 22 wakaita na havikuitika tena.

Na kuna mzee au mama atauliza kwa dini, kwamba kwanini binadamu anaingilia ya Mungu. Mimi namwambia mama, siku ile Wahindi walisali mahekaluni na misikitini na makanisani wakiomba chombo kifike, na watoto wao mwezi wanauita mjomba. Bibi yangu alikuwa anatuonesha yale madoa anasema ni mama amejitwika kuni. Namwomba na yeye atuambie aliambiwa nini utotoni. Hapo ndo usiku unapokuwa mtamu.

IJAYO MKAE VIZURI

Wale hawajaishia hapo. Septemba 2024 serikali yao ilipitisha Chandrayaan-4 ambayo itachukua udongo na kuurudisha duniani, wana mradi mwingine wa kwenda kusini ya mwezi pamoja na Wajapani, na lengo waliloliweka ni Mhindi akanyage mwezini ifikapo 2040. Wachina wapo mbele zaidi, Juni 2024 walirudisha karibu kilo mbili za udongo toka upande wa mwezi ambao sisi hatuuoni kabisa, ila hao nitawaandikia siku yao.

Siku ikitangazwa, saa za India zipo mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Wakisema saa 12 jioni kwao, huku ni saa tisa na nusu alasiri. Agosti 2023 walioangalia YouTube kwa wakati mmoja walipita milioni 8, mtandao ukawa mzito, kwa hiyo anza mapema, bando liwepo kwenye simu mbili za mitandao tofauti, na betri ya sola au jenereta kwa ajili ya spika na skrini. Mwambie mwenyekiti wa mtaa mapema, na mwalimu mkuu wa shule ya karibu, watoto waje na mwalimu wao. Na angalia mwezi utakuwa wapi saa hiyo. Kama upo juu, nusu saa kabla ya kutua toa watu wote nje wauone kwanza kwa macho, afu ndo muingie ndani.

Kwa vijana wa sekondari nina neno la ziada. Aliyeongoza mradi wa Chandrayaan-3 anaitwa P. Veeramuthuvel, baba yake alikuwa fundi wa reli, na udaktari wake wa falsafa aliupata chuo cha IIT Madras. Chuo hicho hicho kimefungua tawi Zanzibar mwaka 2023. Watoto wa mafundi wa TAZARA mlioko Iyunga, fizikia na hesabu msiziachie.

KESHO YAKE MBOZI

Kama mna nauli, asubuhi inayofuata wapelekeni watoto Ndolezi kwenye kimondo. Toka Mbeya mnapanda gari za Tunduma, mnamwambia konda awashushe njia panda ya kimondo, toka pale bodaboda au kwa miguu kama mmejipanga. Kiingilio kipo, mbebe chenji. Lile ni jiwe la chuma, urefu mita 3, uzito unakadiriwa tani 16, Wanyiha walilijua kabla ya mzungu yeyote kuliandika.

Watoto watauliza shimo liko wapi, kwa sababu jana yake wameona mwezi umejaa mashimo na umewaambia yamechimbwa na mawe kama hili. Pale Ndolezi shimo halipo. Waambie waangalie mvua ya Mbozi, mashamba ya kahawa, mizizi, mchwa, mito, miaka kwa maelfu, yote hayo yanafuta. Mwezini hakuna mvua, hakuna upepo, hakuna mchwa. Alama za magurudumu ya Pragyan ziko pale pale zilipochorwa 2023 na wajukuu wa wajukuu zao watazikuta.

Afu waache walishike. Ni la baridi sana asubuhi.